Kuhudhuria, kushiriki, kujiona mwenyeji: mambo matatu tunayoyachanganya kuhusu wanafunzi wa sekondari

Kila Januari Tanzania hurudia mazungumzo yaleyale. Watoto waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawajaripoti, mkuu wa wilaya anatoa siku kadhaa watafutwe nyumba kwa nyumba, na watendaji wa kata wanaingia mitaani na orodha za majina. Matokeo ya kidato cha nne nayo yakitoka, waliopata divisheni ziro wanajadiliwa vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp: watoto wa siku hizi hawapendi shule, simu imewaharibu, wazazi wamelegea, walimu wameogopa kuchapa. Kila mtu ana mkosaji wake.

Wasioulizwa ni wanafunzi wenyewe. Kwingineko duniani watafiti wa elimu wamekuwa wakiwauliza kwa zaidi ya miaka 30: unajisikiaje ukiwa shuleni? Majibu yao yanaonyesha kwamba neno moja, "shule", tunalitumia kufunika mambo matatu tofauti, na mtoto anaweza kuwa nalo moja akakosa mawili.

La kwanza ni kuhudhuria, yaani kuwapo. Jina limeitwa, mtoto ameitika, mwalimu wa darasa ameweka alama kwenye rejista. La pili ni kushiriki, yaani kuhusika na kinachoendelea: kusikiliza, kuuliza, kufanya kazi kwa nia ya kuelewa, kuingia kwenye michezo, klabu au uongozi. La tatu halina jina moja tulilolizoea, nami nitaliita kujiona mwenyeji. Mtafiti Mmarekani Carol Goodenow alilieleza mwaka 1993 kuwa ni kiwango ambacho mwanafunzi anahisi anakubalika, anaheshimiwa, anajumuishwa na anaungwa mkono na watu wa pale shuleni.

Chukua ukumbi wa harusi. Mgeni mmoja amekuja kwa sababu alishachanga. Kadi iko mfukoni, amekaa meza ya nyuma, anangoja chakula, akishakula anatafuta bodaboda. Huyo amehudhuria. Mwingine amepanga foleni kwenda kutunza, anacheza, anaitikia kila MC anapotaka vigelegele. Huyo ameshiriki. Wa tatu huenda hachezi kabisa, lakini asipoonekana hadi saa mbili usiku, kuna mtu atampigia: "Uko wapi? Tunakungoja wewe." Huyo wa tatu ndiye mwenyeji, na anajua hivyo hata kabla simu haijaita.

Rejista ya shule inahesabu aliyehudhuria. Mtihani unagusa kwa mbali aliyeshiriki. Hakuna daftari lolote la shule linaloandika mtoto yupi akikosekana Jumatatu hakuna atakayeuliza.

Kushiriki kwenyewe kunahitaji kufumuliwa kidogo. Mwaka 2004 watafiti watatu, Jennifer Fredricks, Phyllis Blumenfeld na Alison Paris, walikusanya tafiti nyingi zilizokuwapo wakaonyesha kwamba ushiriki una nyuso tatu: wa matendo, wa hisia na wa fikra. Wa matendo unaonekana kwa macho: mtoto anawahi, anaandika, hapigi kelele. Wa hisia ni kama anapenda somo, analichukia au halimhusu. Wa fikra ni ile kazi inayofanyika kichwani, mtu anapopambana na jambo gumu mpaka likubali.

Shule zetu zinaujua uso wa kwanza vizuri mno. Mwalimu anamaliza kufafanua kanuni, anauliza "Mmeelewa?" na darasa zima linaitikia "Ndiyooo!" kwa sauti moja. Ubao umejaa, madaftari yamejaa, hakuna aliyesinzia. Mkaguzi akipita dirishani ataandika kwamba darasa liko makini. Mwite mmoja mbele aeleze alichoelewa kwa maneno yake, ndipo utakapoona kuwa mikono ilikuwa ikiandika huku kichwa hakimo. Kunakili noti ni tendo, na mtu anaweza kunakili kwa miaka minne bila kuingia kwenye somo hata mara moja.

Asidhani mtu kwamba huu ni ugonjwa wa shule maskini tu. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Indiana nchini Marekani kiliwauliza wanafunzi zaidi ya 42,000 wa sekondari katika majimbo 27. Wawili kati ya kila watatu walisema wanachoshwa darasani angalau mara moja kila siku. Walipoulizwa sababu, walitaja somo lisilovutia, somo lisilohusiana na maisha yao, na kukosa mazungumzo yoyote na mwalimu. Hizo ni shule zenye umeme, maktaba na maabara. Mwaka huo simu janja zilikuwa hazijafika mikononi mwa vijana wengi, hata wa huko Marekani. Simu ina lake, sikatai, na anayekesha nayo atasinzia darasani. Lakini ilimkuta kijana ambaye darasa lilikuwa limeshamchosha.

Kwetu kuna sababu ambayo wanafunzi wale wa Marekani hawakuwa nayo, na naona ndiyo nzito kuliko zote: lugha.

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania Bara anasoma miaka saba kwa Kiswahili. Anauliza, anabisha, anachekesha darasa, anajibu hata asipoulizwa. Januari anaingia kidato cha kwanza na masomo karibu yote yanageuka Kiingereza kwa mkupuo, baada ya wiki chache za kozi ya kumwandaa. Aliyekuwa hodari wa sayansi kijijini sasa anajua jibu ila hana pa kulipitishia. Akinyoosha mkono, hatari ni mbili, kukosea jibu na kukosea sentensi, na kicheko cha wenzake hakibagui. Anajifunza haraka kwamba usalama uko kwenye kunyamaza. Zipo shule zinazomvalisha kibao shingoni anayekamatwa akizungumza Kiswahili, akitembea nacho mpaka amkamate mwenzake. Mtoto wa miaka 14 akiadhibiwa kwa lugha anayozungumza na mama yake, sijui tunataka ajione mwenyeji wa wapi.

Hili limepimwa. Kuanzia mwaka 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Martha Qorro, wakishirikiana na wenzao wa Norway na Afrika Kusini, waliendesha mradi kuhusu lugha ya kufundishia, unaojulikana kwa kifupi kama LOITASA. Katika sehemu moja ya kazi hiyo, wanafunzi wa kidato cha kwanza walifundishwa mada zilezile, kundi moja kwa Kiingereza na jingine kwa Kiswahili. Waliofundishwa kwa Kiswahili walielewa zaidi, na madarasa yao yalichangamka: walijibu, waliuliza, walibishana na mwalimu. Kule kwingine kulikuwa na ukimya, na mwalimu mwenyewe akilazimika kuchanganya lugha ili somo lisogee. Watu wakisoma matokeo hayo huangalia alama. Mimi naangalia ule mchangamko, kwa sababu unatuonyesha kwamba "uvivu" wa kidato cha kwanza unaweza kuondoka kwa kubadili kitu kimoja tu, tena bila kumbadilisha mtoto. Sera ya elimu iliyozinduliwa upya Januari 2025 imekibakiza Kiingereza sekondari. Mjadala huo ni mrefu, na wazazi wengi wanakitaka Kiingereza kwa sababu zao za haki. Hata hivyo, mwalimu anayemruhusu mtoto aeleze kwanza kwa Kiswahili kisha wahamishe pamoja havunji somo. Anampa nafasi ya kuwamo.

Sasa turudi kwa wale wanaotafutwa nyumba kwa nyumba. Takwimu za serikali zina safu ya sababu za mdondoko, yaani wanafunzi kuacha shule kabla ya kumaliza. Kwa miaka mingi sababu inayoongoza kwa mbali sekondari imeandikwa "utoro". Mimba, vifo na utovu wa nidhamu hufuata nyuma sana. Soma tena: mtoto ameacha shule kwa sababu ya utoro. Ni sawa na kusema hakuja kwa sababu hakuja. Safu iliyopaswa kutuambia kilichotokea inaturudishia kile tulichokuwa tunakijua kwenye rejista, na pale tunapoweka nukta ndipo uchunguzi ulipopaswa kuanza.

Utoro una historia, na mara nyingi inaweza kufuatiliwa kwa tarehe. Mwaka 1989 mtafiti Jeremy Finn alieleza kuacha shule kuwa ni safari inayoanza miaka kadhaa kabla ya siku ya mwisho: mtoto haingii kwenye mambo ya shule, hivyo hafanikiwi, hivyo hajioni kuwa sehemu ya pale, hivyo anazidi kujitoa. Kwa mwanafunzi wa shule ya kata inaweza kwenda hivi. Nyumbani ni kilomita nyingi, wazazi wanampangia geto, yaani chumba cha kuishi peke yake, karibu na shule, anapika na kufua mwenyewe. Siku za mwanzo anachelewa paredi mara mbili, anachapwa pamoja na kundi la wachelewaji. Mwezi wa tatu hajui hesabu zimefika wapi. Darasa lina watoto 80 na hakuna mwalimu anayejua jina lake. Anakosa siku moja, hakuna anayeuliza. Anakosa tatu. Kurudi sasa ni kugumu kuliko kukaa, maana akirudi jambo la kwanza litakuwa adhabu, si "ulikuwa wapi?" Msako wa mtendaji utamrejesha huyu kwenye rejista, na wiki mbili baadaye jina lake litakuwa tena kwenye safu ya watoro.

Hapa huja hoja ya viboko, na isemwe vizuri kwa sababu wenye hoja hiyo si watu wabaya. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Kila aliyesoma anajua umbali uliopo kati ya kanuni hiyo na mstari wa wachelewaji saa moja asubuhi. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na huko pia utekelezaji umekuwa na mashimo yake. Kiboko kinaweza kweli kumleta mtoto shuleni na kumnyamazisha darasani. Yaani kinazalisha mahudhurio na ule uso mmoja wa ushiriki unaoonekana dirishani. Hakizalishi swali. Mwanafunzi anayemwogopa mwalimu wa hesabu hatamfuata wakati wa mapumziko kumwambia "sijaelewa pale ulipohamisha X".

Na huyo mwalimu ndiye mtu muhimu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2018 Kelly-Ann Allen na wenzake walikusanya tafiti 51 kuhusu kujiona mwenyeji shuleni. Katika mambo yanayohusu shule, lililojitokeza kwa nguvu ni kuungwa mkono na mwalimu: mwanafunzi kuona kwamba kuna mtu mzima pale anayemjua, anayemtendea haki na anayeamini kuwa anaweza. Watu wakisikia hivyo wanasema, "Basi mnataka tuwadekeze." Hapana. Mwanafunzi hamhesabu kuwa upande wake mwalimu anayempa alama za bure. Anamhesabu yule anayerudisha insha imejaa wino mwekundu kisha anakaa naye dakika tano kumwonyesha arekebishe wapi. Ukali wa namna hiyo watoto wanautofautisha na ukali wa fimbo haraka sana, wala hawahitaji semina.

Dhana nyingine ni kwamba bweni linamaliza tatizo. Wazazi hujibana wakatafuta shule ya bweni wakiamini mtoto atatulia. Kwa umbali na kwa geto, ndiyo, bweni linasaidia, hasa kwa wasichana. Ila kulala shuleni hakumfanyi mtu kuwa wa shule. Njuka, yaani mwanafunzi mgeni wa kidato cha kwanza, anafikishwa bwenini na sanduku lake, na kabla jua halijazama ameshaagizwa maji, ameshafua shati la mtu, ameshaambiwa aimbe juu ya kitanda. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Njuka hupewa jembe siku ya kwanza na hata mwaka ukiisha hajaitwa mwenyeji. Wapo wanaosema hayo ndiyo yanayowakomaza. Labda wengine yaliwakomaza. Wengine walihama, na hao hawapo kwenye mikutano ya waliowahi kusoma hapo kutueleza upande wao.

Jirani zetu wa Kenya wameliona hili kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 2016 wanafunzi walichoma majengo katika shule zaidi ya 100, mengi yakiwa mabweni. Maelezo yalikuwa mengi, kuanzia wizi wa mitihani hadi kubadilishwa kwa ratiba ya mihula. Mtafiti Elizabeth Cooper, aliyekuwa amechunguza migomo ya miaka ya nyuma na kuzungumza na wanafunzi, aliandika mwaka 2014 kwamba wengi waliuona moto kuwa njia pekee iliyowahi kufanya wakubwa wasikilize. Moto si wa kutetewa. Umeua watoto, 67 kwa usiku mmoja katika shule ya Kyanguli mwaka 2001. Lakini ukitaka kujua kwa nini mtu anachoma mahali anapolala, anza kwa kuuliza kama aliwahi kupahesabu kuwa pake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inaweka mwakilishi wa baraza la wanafunzi kwenye bodi ya shule. Kiti hicho kina maana pale tu anayekikalia anapojibiwa anachouliza. Kwetu kaka mkuu na dada mkuu wapo, viranja wapo, lakini kazi yao mara nyingi ni kuyapeleka maagizo chini. Kupeleka malalamiko juu kunahitaji ujasiri ambao si kila kiranja anao, na simlaumu.

Lipo kosa la upande wa pili pia, la kudhani mwenye marafiki wengi na makelele ndiye mwenyeji, na mkimya ndiye mpweke. Kijana anaweza kuwa nyota wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, anajulikana hadi na wapishi, na darasani hayumo kabisa: shule ni yake, masomo si yake. Msichana anaweza kuwa wa kwanza kila muhula huku akila chakula cha mchana peke yake kwa sababu anacheka tofauti au anatoka kwenye familia isiyo na sare mpya. Matokeo yake mazuri yanamficha. Mwalimu hana sababu ya kumwangalia mara mbili, na mzazi akiona ripoti anafurahi.

Mwenye mtihani mkubwa kuliko hao ni msichana anayerudi baada ya kujifungua. Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliopata ujauzito warejee kwenye shule za kawaida, jambo lililokuwa limezuiwa. Waraka ulifungua geti. Kilicho ndani ya geti ni kazi ya watu: jina la utani atakalopewa, maneno ya mwalimu mbele ya darasa, na kama atapata wa kumwazima noti za miezi aliyokosa. Hapo ndipo inapoamuliwa kama atafika kidato cha nne.

Swali hili litazidi kuwa zito. Mabadiliko ya mtaala yaliyoanza 2024 yanaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, kwa hiyo Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja: wa mwisho wa darasa la saba na wa kwanza wa darasa la sita. Kuhusu madarasa na madawati serikali inazungumza, na inapaswa. Lakini watoto hao, wengine wakiwa wadogo kwa mwaka mzima kuliko njuka tuliowazoea, watafika kwenye shule ambayo mwalimu anayejua majina 40 leo atatakiwa kuyajua mengi zaidi.

Kupima hili hakuhitaji mradi wa wafadhili. Goodenow alitumia sentensi 18 ambazo mwanafunzi anasema ni kweli kwake au si kweli. Mkuu wa shule anaweza kuanza na chache za aina hiyo, kwa Kiswahili chepesi, kwenye nusu karatasi: Yupo mwalimu au mtu mzima hapa ninayeweza kumweleza shida yangu. Nikifanya jambo vizuri, kuna anayeona. Nisipokuja, kuna atakayeuliza. Natamani ningekuwa shule nyingine. Ongeza ya tano ya kwetu: Naogopa kujibu darasani kwa sababu ya lugha.

Mzazi naye, badala ya "umekuwa wa ngapi?" pekee, amuulize mwanawe leo alikaa na nani, na ni mwalimu gani anamjua jina. Mtoto akishindwa kumtaja hata mmoja, hiyo ni habari, na inafaa ipelekwe kwa mwalimu wa darasa mapema, wakati siku alizokosa bado zinahesabika kwa vidole.

Kuhusu zile nusu karatasi: zisiandikwe majina, zikusanywe na wanafunzi wenyewe ndani ya boksi lililofungwa, na majibu yake yasisomwe mstarini kwa sauti ya kutafuta nani kaandika nini. Ikifanyika hivyo mara moja tu, mwaka unaofuata wote watajibu kwamba kila kitu kiko sawa.